Jibu mstari mmoja, onyo mistari ishirini

Kivu ya Kaskazini – Kamati ya wakimbizi wa ndani inaandikia shirika la misaada kwa barua pepe: chakula kitagawiwa lini? Jibu linafika: «Jumanne asubuhi.» Basi. Chini yake nembo, vyeo, kisha onyo refu la Kiingereza na Kifaransa: ujumbe ni wa siri, aliyeupata kwa makosa aufute.

Katibu aliyenunua mega kwa pesa ya unga anabaki na wasiwasi: awasomee wenzake ao afute? Akiuliza tena, onyo linarudi mara ya pili, ya tatu. Jumanne inazama.

Huo si usalama, ni uzembe. Aliyejibu hakuliandika onyo hilo. Mashine inalibandika yenyewe. Lakini mashine hutii. Outlook inaruhusu kuweka sahihi fupi kwenye majibu, ao kutoweka kabisa. Na fundi wa seva anaweza kuamuru onyo lisiongezwe pale lilipo tayari.

Mashirika yafanye hivyo leo. Jina, namba ya simu na jibu la Kiswahili vinatosha. Siku ya chakula si siri ya mtu. Ni haki ya wenye njaa.