Timu Isife na Mfadhili Wake

KUTOKA UWANJANI
Na Rashidi Mwinyikai

Mwishoni mwa 1985, timu ya Northern Consolidated Cement, maarufu kama NCC, iliichapa Manila Beer michezo minne kwa bila katika fainali ya PBA, ligi ya kulipwa ya mpira wa kikapu nchini Ufilipino. Mapema Januari 1986, nyota wake wakiwa wamevaa jezi ya taifa, walitwaa ubingwa wa Asia mjini Kuala Lumpur. Mwezi uliofuata mfadhili wao aliikimbia nchi, na timu ikafa. Haikushuka daraja, wala wachezaji wake hawakuwa wamezeeka. Ilikuwa bora kuliko zote, na ubora huo haukuisaidia kitu.

Wafilipino wanaupenda mpira wa kikapu kuliko mchezo mwingine wowote. Ukipita vichochoro vya Manila au vijiji vya visiwani, utakuta ubao na ringi vimepigiliwa kwenye mnazi au ukuta, na vijana wanacheza na kandambili miguuni. PBA ilianza 1975, ikawa ligi ya kwanza ya kulipwa ya mchezo huo barani Asia. Lakini tangu siku ya kwanza timu zake hazikubeba majina ya miji, zilibeba majina ya kampuni na bidhaa zake. Crispa walikuwa watu wa nguo, Toyota watu wa magari, na upinzani wao uliigawa nchi nzima. Toyota iliondoka baada ya msimu wa 1983, Crispa ikafuata baada ya ule wa 1984. Mashabiki waliozishangilia timu hizo karibu miaka kumi hawakuulizwa lolote.

NCC ilizaliwa kwa sababu nyingine. Enzi zile wachezaji wa kulipwa hawakuruhusiwa kucheza mashindano ya FIBA, shirikisho la kimataifa la mpira wa kikapu, kwa hiyo mastaa wa PBA hawangeweza kuichezea nchi yao. Ilibidi timu ya taifa ijengwe kwa vijana wa ridhaa, wengi wao wakitoka vyuoni. Kazi hiyo ilibebwa na Eduardo Cojuangco, tajiri mkubwa na mtu wa karibu wa Rais Ferdinand Marcos. Alimleta Ron Jacobs, Mmarekani aliyekuwa kocha wa Chuo Kikuu cha Loyola Marymount, akampa fedha, wachezaji na, zaidi ya yote, muda. Vijana wakavishwa jezi ya kampuni ya saruji, kisha wakaingizwa PBA kama timu alikwa, ili wakomazwe na wanaume wanaokula kwa mchezo huo.

Ukiwatazama wachezaji wenyewe, unaelewa muda ule ulizaa nini. Hector Calma alikuwa mgawa mpira asiye na papara, anayejua mwenzake atakuwa wapi kabla mwenzake hajafika. Allan Caidic alikuwa mashoto. Ukimwachia nafasi ndogo tu nje ya mstari wa pointi tatu, umekwisha. Samboy Lim aliruka kuelekea kikapuni akiwa bado mbali, akabadili mkono hewani wakati mabeki wameshaanza kushuka chini. Wakaongezwa Wamarekani Dennis Still na Jeff Moore, waliopewa uraia wa Ufilipino. Katika kikosi hicho alipita pia Chip Engelland, ambaye miaka mingi baadaye alipata sifa NBA kama mwalimu wa kutupa mpira katika klabu ya San Antonio Spurs. Mwaka 1985 timu hiyo ilitwaa Kombe la Jones mjini Taipei, tena kwa kuifunga timu ya Marekani 108 kwa 100 katika muda wa nyongeza.

Ubingwa wa Asia uliwapa tiketi ya Mashindano ya Dunia, yaliyopangwa kufanyika Hispania Julai 1986. Tiketi hiyo haikutumika. Februari mwaka huo wananchi walijaa barabara ya EDSA jijini Manila kumpinga Marcos, na tarehe 25 akaondoka ikulu kuelekea uhamishoni. Cojuangco aliondoka pamoja naye. Mradi mzima wa timu ya taifa ulikuwa mikononi mwake, kwa hiyo hapakubaki mtu wa kuuendesha. Ufilipino ikajitoa Hispania. Manila Beer nayo, ile iliyofungwa katika fainali, iliiaga ligi baada ya msimu wa 1986. Kwa hiyo timu zote mbili zilizocheza fainali ya 1985 zilitoweka ndani ya takriban mwaka mmoja.

Wako watakaosema kwamba bila fedha za Cojuangco NCC isingekuwapo kabisa, na kwamba si haki kumlaumu aliyetoa. Hoja hiyo ina uzito, nami sibezi mchango wa mwenye fedha. Chama cha mpira wa kikapu cha wakati ule kisingeweza peke yake kumlipa Jacobs wala kuwaweka vijana pamoja mwaka hadi mwaka. Ninachokikataa ni kumwachia mtu huyo funguo zote: mkataba wa kocha, mishahara, usajili, hata uamuzi wa kuwapo au kutokuwapo kwa timu. Wafilipino walikuwa na kila haki ya kumwondoa Marcos. Haikupasa haki hiyo iwagharimu timu yao ya taifa.

Vipaji havikupotea. Calma, Lim na mwenzao Yves Dignadice walikwenda San Miguel, na mwaka 1989 timu hiyo ilitwaa mataji yote matatu ya msimu. Caidic alifunga pointi 79 katika mchezo mmoja wa PBA mwaka 1991. Iliyopata hasara ni nchi. Ufilipino haijatwaa tena ubingwa wa Asia tangu ule wa Kuala Lumpur. Ilirudi Mashindano ya Dunia mwaka 2014, miaka 28 baada ya tiketi ile kupotea, na yalifanyika Hispania hiyo hiyo. Huko Seville iliifunga Senegal 81 kwa 79 katika muda wa nyongeza, ushindi wake wa kwanza katika mashindano hayo tangu 1974.

Katikati ya miaka hiyo yalitokea mengi yanayoonyesha kwamba somo halikueleweka. Mwaka 2005 FIBA iliifungia Ufilipino kwa sababu ya ugomvi wa viongozi wa chama, na adhabu ikadumu hadi 2007. Aliyekuja kuinyanyua timu alikuwa tajiri mwingine, Manny Pangilinan wa kampuni za simu. Tofauti, na ni tofauti kubwa, ni kwamba yeye aliongoza shirikisho jipya lenye katiba, na alipoachia urais wake mwaka 2016 timu haikufa.

Mfadhili atoe fedha, lakini aziweke kwenye shirikisho, kwa mkataba wa miaka inayojulikana, na sehemu ya fedha hizo itengwe kama akiba ya siku atakapokuwa hayupo. Mkataba wa kocha usainiwe na shirikisho. Uamuzi wa kuvunja timu ya taifa usiwe wa mtu mmoja, hata awe amelipa kila senti. Masharti haya hayamtishi mfadhili mwenye nia njema. Anayeyakataa anataka timu iwe mali yake, na afadhali hilo lijulikane kabla watoto wa watu hawajampa ujana wao.

Calma, Caidic, Lim na wenzao walimfunga kila waliyetakiwa kumfunga ili wafike Hispania. Nafasi ile waliipata kwa jasho lao wenyewe, na hakuna mfadhili aliyestahili kuondoka nayo.