Tutenganishe Nyembe, Tusitenganishe Sahani

Wapo wenzetu wengi wanaojitokeza kuchangia damu msikitini, kanisani, chuoni au kazini, wakiwa wazima na nguvu zao. Wananyoosha mkono, mfuko unajaa, wanapewa soda na biskuti, wanarudi nyumbani na furaha ya kumsaidia mtu wasiyemjua. Kisha siku moja simu inaita: tunaomba upite kituoni, kuna majibu yako.

Huko ndiko baadhi yao wanakoambiwa kwa mara ya kwanza kwamba wameonekana na homa ya ini aina ya C. Hawakuwa wakiumwa. Macho hayakuwa ya manjano, na chakula walikuwa wakila kama kawaida. Virusi hivi vinaweza kukaa mwilini miaka 20 au 30 vikiliharibu ini polepole bila mwenyewe kuhisi lolote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu wapatao milioni 50 wanaishi navyo.

Leo nataka kuzungumza na wewe uliyepata majibu hayo juzijuzi, pamoja na mwenza wako. Najua maswali mawili yanayowanyima usingizi. Nitapona? Na je, nimeshamwambukiza mwenzangu? Ugonjwa huu una dawa ya kuuponya kabisa. Na kwa wanandoa wengi, uwezekano wa kuambukizana ni mdogo sana, tena yapo mambo ya kufanya nyumbani ili uzidi kupungua.

Kwanza, umeambiwa B au C? Huku kwetu mtu akisema ana homa ya ini, mara nyingi tunafikiria B, kwa sababu ndiyo iliyoenea zaidi. Hizi ni mbili tofauti. B huambukiza kwa urahisi kwa tendo la ndoa, lakini ina chanjo. C haina chanjo, lakini inaponyeka. Nyinyi wawili pimeni zote mbili, pamoja na VVU. Asiye na B achanjwe. Aliye nayo, daktari ajue mapema kabla ya kuanza dawa za C, maana virusi vya C vikishaondolewa, vile vya B vilivyokuwa vimelala vinaweza kuamka.

Pili, kipimo cha haraka peke yake hakitoshi. Kinachoonekana pale ni kingamwili, yaani alama kwamba mwili wako uliwahi kukutana na virusi hivi. Ni kama kovu: linaonyesha kwamba palikuwa na kidonda, halikuambii kama kidonda bado kipo. Kati ya watu 100 walioambukizwa, 15 hadi 45 huviondoa wenyewe ndani ya miezi sita bila dawa yoyote. Kwa hiyo usitoke kliniki bila kuuliza: kipimo cha virusi vyenyewe nitafanyiwa wapi, na lini? Kama zahanati yako haina, omba rufaa.

Sasa tuje kwenye jambo gumu kuliko kipimo. Utamwambiaje mwenzako?

Wengi hunyamaza kwa kuogopa swali moja: umeitoa wapi? Mke anahofia ataonekana alitoka nje ya ndoa. Mume anahofia hivyo hivyo. Naomba sana swali hilo lisigeuke kesi ndani ya nyumba. Virusi hivi hupita kwenye damu, na damu hukutana na damu kwa njia ambazo mtu hata hazikumbuki: sindano ya utotoni iliyotumiwa kwa watoto watano, wembe wa jando, chale za mganga, jino lililong'olewa sokoni, damu uliyoongezewa zamani. Virusi vyenyewe vilitambuliwa mwaka 1989 tu. Damu iliyotolewa kabla ya hapo, popote duniani, haikuwa na kipimo chake.

Tazama yaliyowapata wenzetu wa Misri. Kuanzia miaka ya 1950 hadi miaka ya 1980, serikali yao ilifanya jambo jema: iliwachoma sindano wanavijiji wa bonde la Mto Nile ili kuwatibu kichocho. Sindano zilikuwa za kioo, zikirudiwa kutoka mtu hadi mtu, na hazikuchemshwa ipasavyo. Kichocho kilitibiwa, homa ya ini C ikasambaa huko kuliko katika karibu nchi nyingine yoyote duniani. Wakulima wale walikosa nini? Walipanga foleni ya dawa, basi.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mwambie mwenzako. Chagua saa ambayo watoto wamelala na simu zimewekwa kando. Mwambie ulichoambiwa, mwambie kinatibika, na mwombe akapime. Ukiona ulimi mzito, nendeni kliniki wote wawili na mhudumu aseme mbele yenu. Nawe mwenza unayeambiwa, jibu lako la kwanza atalikumbuka miaka mingi. Unaweza kumwambia tu kwamba mtakwenda wote?

Baada ya hapo, ingieni bafuni. Nasema kweli, anzeni hapo. Katika nyumba zetu nyingi kuna kikombe cha plastiki kwenye dirisha la bafu. Ndani yake mna miswaki iliyoegemeana, mkasi wa kucha, na wembe mmoja uliofungwa kwenye karatasi yake ili utumike tena. Baba ananyolea ndevu, mama anakatia uzi, kijana anaazima Jumamosi. Kikombe hicho ndicho cha kushughulikia. Kila mtu awe na mswaki wake unaojulikana kwa rangi, kila mtu wembe wake, mkasi wake wa kucha, na hereni zake. Fizi hutoka damu, ngozi hukwaruzika, na damu iliyokauka hata usiyoiona inaweza kubaki na virusi hai kwa wiki kadhaa.

Ukijikata, funika kidonda kwa plasta. Damu ikidondoka sakafuni, vaa glavu au mfuko safi wa plastiki mkononi, ifute, kisha safisha pale kwa jiki, sehemu moja ya jiki kwa sehemu kumi za maji. Pedi na vitambaa vyenye damu vifungwe vizuri kabla ya kutupwa. Wembe uliotumika usitupwe wazi jalalani, kwa sababu kuna mtoto atakayeuokota.

Na sahani je? Sahani ziacheni. Vikombe viacheni. Kuleni sinia moja kama zamani. Homa ya ini C haiambukizwi kwa chakula, kwa maji, kwa kukumbatiana, kubusiana, kupiga chafya wala kutumia choo kimoja. Inaniuma kila ninaposikia mama ametengewa kijiko chake kwenye kopo, au baba amehamishiwa kulala sebuleni, huku wembe ukiendelea kuazimana bafuni. Hapo hofu imepelekwa mahali pasipo na hatari, na penye hatari pameachwa wazi.

Unyumba nao unaulizwa kwa aibu, basi niuseme waziwazi. Watafiti nchini Marekani walichunguza jozi 500 za wenza, mmoja katika kila jozi akiwa na virusi hivi, na mwaka 2013 walitoa majibu: hata kwa makadirio ya juu kabisa, maambukizi yalikuwa takriban mara moja katika matendo 190,000. Ndiyo maana mume na mke walio wawili tu kwa kawaida hawalazimishwi kubadili maisha yao ya chumbani. Tahadhari inahitajika zaidi palipo na damu: wakati wa hedhi, palipo na mchubuko au kidonda, au mmoja akiwa na VVU au ugonjwa mwingine wa zinaa. Na mwenye wapenzi zaidi ya mmoja, kondomu ni lazima. Kama kutumia kondomu kunawapa amani mpaka dawa ziishe, zitumieni. Amani ya moyo nayo ni tiba.

Je, mnatarajia kupata mtoto? Mama akiwa na virusi hivi, takriban watoto 5 kati ya 100 huambukizwa wakati wa ujauzito au kuzaliwa, na idadi huongezeka mama akiwa pia na VVU. Panapowezekana, tibiwa kwanza, kisha mbebe mimba. Kama mimba imeshaingia, mwambie mkunga, na mtoto atapimwa baadaye. Kunyonyesha kunaruhusiwa. Chuchu zikipasuka na kutoka damu, pumzisha ziwa hilo mpaka lipone.

Kuhusu dawa, wapo waliosikia kwamba ni za matajiri. Ilikuwa hivyo. Zilipotoka Marekani mwishoni mwa 2013, tiba ya wiki 12 iliuzwa dola 84,000, yaani dola 1,000 kwa kidonge kimoja. Leo dawa za aina hiyo hiyo zinazotengenezwa kwa jina lisilo la kibiashara hupatikana katika nchi nyingi za kipato chetu kwa chini ya dola 100 kwa tiba nzima. Majirani zetu wa Rwanda walitangaza mwaka 2018 mpango wa kupima watu milioni 4 na kutibu 110,000. Na Misri ile ile, kuanzia mwishoni mwa 2018, ilipima karibu watu milioni 50 kwa miezi saba na kuwatibu bure walioonekana na virusi.

Ni vidonge vya kumeza, kwa kawaida wiki 12, na zaidi ya watu 95 kati ya 100 hupona. Hazipo kila zahanati, hilo ni kweli. Uliza hospitali ya rufaa, uliza bima yako, uliza tena mwezi ujao. Ukishaanza, usiruke hata siku moja. Hapa mwenza ana kazi nzuri sana ya kukumbusha.

Wakati unasubiri dawa, lihurumie ini lako. Pombe iache, na gongo isiingie kabisa. Dawa za mitishamba zinazouzwa kama za kusafisha ini, naomba usizinywe kabla ya kumwonyesha daktari, kwani baadhi zinaliumiza ini lile lile tunalotaka kuliokoa.

Nyinyi vinyozi, wasusi, na vijana mnaopita mitaani na beseni mkisafisha kucha, mnashika ngozi za watu kutwa. Wembe mpya ufunguliwe mbele ya mteja, na ukitoka kwake usimguse mwingine. Mteja ataipenda kazi yenu. Waajiri, mpishi au mwalimu mwenye homa ya ini C hamwambukizi mtu kwa kupika wala kufundisha. Mpeni ruhusa ya kwenda kliniki, na siri yake itunzwe.

Na kama kuna kijana wetu anayejidunga dawa za kulevya, yeye ndiye aliye karibu zaidi na ugonjwa huu, kwa sababu ya kuchangia sindano. Naye ni wa nyumba hii. Tangu 2011 Hospitali ya Muhimbili inatoa methadoni, dawa ya kumsaidia mtu aache kujidunga, na huduma hiyo imeshafika mikoa mingine pamoja na pwani ya Kenya. Nani atamsindikiza?

Nawe unayetibiwa, miezi mitatu baada ya kidonge cha mwisho, rudi ukapime virusi tena. Visipoonekana, umepona, ila unaweza kuambukizwa upya, hivyo nyembe zibaki mbalimbali. Ini likiwa limeshapata makovu, endelea kuonana na daktari kwa uchunguzi.

Omba pia majibu hayo ya mwisho kwa maandishi. Kipimo cha haraka kitaendelea kusoma chanya kwa miaka mingi, na kuchangia damu hutaruhusiwa tena. Siku utakapolazwa, utakapojifungua, au utakapopimwa kwa ajili ya kazi katika nchi za Ghuba, mtu atakuambia una homa ya ini C, na karatasi hiyo ndiyo itakayomwonyesha kwamba ulishatibiwa. Itunze pamoja na cheti cha ndoa na vyeti vya watoto, na mwenza wako ajue ilipo.