Dang'a Kwanza kwa Ndama

Dang'a ni maziwa ya kwanza ya ng'ombe aliyezaa: mazito, ya manjano, yenye kunata vidoleni mwa mkamaji. Umanjano wake hutokana na karotini, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A. Protini yake ni mara kadhaa ya ile ya maziwa ya kawaida, na sehemu kubwa ya protini hiyo ni kingamwili.

Ndama huzaliwa karibu bila kinga yoyote, kwa kuwa kondo la ng'ombe halipitishi kingamwili za mama. Kinga ya mwanzo hana budi kuinywa. Na muda wenyewe ni mfupi: utumbo wake hupokea kingamwili zikiwa nzima kwa saa za mwanzo tu, uwezo huo hupungua saa baada ya saa, na baada ya siku moja huwa umekwisha. Ndama wa kilo 35 anahitaji kama lita 3 na nusu. Wa kienyeji mwenye kilo 20, lita 2. Sehemu kubwa na aipate kabla ya saa 6 kupita. Wapo wafugaji wanaongoja kondo lianguke ndipo wakame, na wapo wanaomwaga dang'a wakidhani ni uchafu. Desturi hizi ziachwe, maana ndama aliyekosa dang'a huharisha na kufa kwa maradhi ambayo mwenzake aliyenyonya huyashinda. Akiwa dhaifu hata kusimama hawezi, akamiwe katika chombo safi na anyweshwe polepole kwa chupa yenye chuchu; kumimina kwa nguvu hupeleka maziwa mapafuni.

Ndama akishashiba, ziada yaweza kuliwa na watu, ila si kwa imani kwamba mlaji atarithi kinga ya ng'ombe. Tumbo la mtu mzima huvunjavunja sehemu kubwa ya kingamwili hizo kama protini nyingine. Dang'a ya ng'ombe waliochanjwa dhidi ya virusi vya rota imewahi kujaribiwa kwa watoto wanaoharisha ikaleta nafuu, lakini hiyo ilitayarishwa kama dawa, haikuchotwa ndooni. Wala mtoto mchanga asipewe dang'a ya ng'ombe badala ya ya mama yake. Shirika la Afya Duniani linashauri aanze kunyonya ndani ya saa moja tangu azaliwe, na kwa miezi 6 asipewe kingine.

Dang'a mbichi haifai kunywewa na mtu, hata ng'ombe awe mnene na mwenye afya machoni, kwani yaweza kubeba vijidudu vya brusela na vya kifua kikuu. Ya ng'ombe aliyetibiwa antibiotiki ambazo muda wake wa kutoka mwilini haujaisha isiliwe kabisa, na mwenye mzio wa maziwa aiepuke. Ikitiwa motoni huganda sufuriani kama yai. Hiyo si dalili ya kuharibika. Huko India huipika kwa mvuke pamoja na sukari guru na iliki, ikawa kitamutamu kiitwacho kharvas. Ila isichanganywe na maziwa ya kuuza, kwa kuwa yakichemshwa hukatika yote.

Mwenye friza na agandishe ziada safi kwa ajili ya ndama atakayezaliwa na mama asiye na maziwa. Iyeyushwe ndani ya maji ya vuguvugu, isibandikwe jikoni: moto unaoifanya salama kwa mtu ndio uuao kingamwili anazozihitaji ndama.