Nakshi ya Kisu Huanzia kwenye Shaba

Marehemu baba alituachia kisu cha kuchinjia chenye mpini wa mpingo, na bapa lake halikuwa na doa. Juma moja kabla ya Idi ya kuchinja, mwanangu wa miaka 16, kijana apendaye kuchora, aliazimia kulichonga jina la babu yake juu ya bapa hilo. Alitwaa tindo na nyundo, akagonga. Tindo iliteleza. Mkwaruzo ungalipo hata leo, na kovu lipo kwenye kidole gumba chake cha kushoto. Sikumkaripia sana, maana kosa lilikuwa la kutojua, nami mwenyewe sikuwa nikijua zaidi yake.

Bapa lililokwisha kutiwa matiko ni gumu mno; chombo cha mkono hakilili, huteleza tu. Kwa hiyo wahunzi hulinakshi kabla ya kulitia matiko, au huliacha kabisa wakapamba noleo, ile pete ya shaba iliyo baina ya bapa na mpini. Kwa anayeanza, hata noleo ni mapema. Na atafute kibati cha shaba, akigandishe kwa lakiri juu ya ubao, au akibane kwenye jiriwa.

Chombo chenyewe ni kijiti kifupi cha chuma kigumu, chenye ncha ya pembe na kipini cha mviringo kinachotulia kiganjani. Nguvu hutoka kiganjani, si vidoleni. Kikiinuliwa mno huzama na ncha ikavunjika. Kikilazwa mno huteleza. Kwenye mstari wa kupinda, mkono wenye chombo hutulia, na kibati ndicho kinachozungushwa. Haya mwanangu aliyashika upesi. Kilichomtesa ni kunoa. Chini ya ncha hutakiwa uso mdogo sana, uliong'arishwa, ambao huiwezesha ncha kuibuka kutoka kwenye shaba. Usipokuwapo, mstari huchimba na kukwama. Ncha hujaribiwa kwa kuigusisha ukuchani bila kukandamiza: ikishika ni kali, ikiteleza irudi kwenye jiwe. Wiki mbili nzima alikuwa akinoa kuliko kuchonga.

Mama mwenzangu, kazi hii isifanyiwe juu ya meza ya chakula. Vipande vinavyoruka ni vyembamba kama sindano, na mtoto atambaaye huokota kila kitu. Miwani ivaliwe, na mkono wa pili usikae kamwe mbele ya ncha.

Kuhusu michoro, hatuna haja ya kwenda mbali. Milango ya kale ya Lamu ina mnyororo uliochongwa kwenye fremu, na ina mawaridi. Paka kibati rangi nyeupe ya maji, uchore kwa penseli, kisha ufuate mstari. Aya za Qur'ani na jina la Mwenyezi Mungu, kwa maoni yangu, tusiziweke kwenye kitu kiingiacho damuni na kisha kuoshwa karoni pamoja na masufuria. Waridi latosha.

Vibati vitano vimekwisha kujaa mawaridi, mengine yamepinda kama yaliyonyauka. Noleo la kisu cha babu bado ni tupu. Nilipomuuliza ataligusa lini, alinijibu, "Bado, mama. Duara linanitetemekea."