Kibali cha Anga Hakitoshi

Ndege nyuki, ambayo wengine huiita droni, si kitu kigeni tena katika tiba ya Afrika Mashariki. Tangu Oktoba 2016, damu ya kuongezewa wagonjwa husafirishwa kwa ndege za namna hiyo nchini Rwanda. Mwaka 2018 kulifanyika majaribio ya kupeleka dawa kwa njia hiyo kutoka Mwanza hadi kisiwani Ukerewe, umbali wa kilomita 60 uliokatwa kwa wastani wa dakika 40. Zanzibar nako, mashamba ya mpunga ya Cheju yalinyunyiziwa mwaka 2019 kimiminika cha kuwazuia viluwiluwi vya mbu kupumua. Si ajabu, basi, kwamba wanafunzi na watafiti wa Ifakara nao wanataka kurusha ndege hizo kutoka katika viwanja vya vyuo vyao.

Hoja yao ina uzito. Mbu aina ya Anopheles funestus, ambaye ndiye mwenezaji mkuu wa malaria katika Bonde la Kilombero, hupenda madimbwi yasiyokauka upesi, yenye maji maangavu na majani. Mto Lumemo unapofurika na kisha maji kupungua, kuyatafuta madimbwi hayo kwa miguu huko Lipangalala na kandokando ya mashamba ya mpunga ni kazi ya siku nyingi. Kamera iliyo angani huyaonyesha kwa saa chache.

Sheria ya nchi iko wazi. Kanuni za mwaka 2018 zimeiweka ndege isiyo na rubani chini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, na Wizara ya Ulinzi nayo hutoa idhini yake. Wapo wanaonung'unika kwamba huo ni mzunguko mrefu. Mimi siupingi. Ifakara ina kiwanja cha ndege, na chombo kidogo chenye mapanga yanayozunguka kasi kinaweza kumdhuru abiria aliye angani na mtoto aliye ardhini.

Ninachokipinga ni dhana kwamba aliyekwisha kupata karatasi hizo mbili ameruhusiwa kila kitu. Vibali hivyo vinahusu usalama wa anga na wa nchi. Havimsemei mgonjwa. Uwanja wa chuo cha tiba haufanani na uwanja wa chuo kingine, kwa kuwa hospitali iko pale pale. Chini ya miti wamo ndugu wanaouguza, wakipika na kufua. Kwenye benchi la kliniki ya VVU au ya kifua kikuu yupo mtu ambaye hata jirani yake hajui kwamba anatumia dawa. Hatua chache nje ya uzio kuna mabafu yasiyoezekwa, ambamo mama wa nyumba huoga akiamini kwamba kuta za mabua zinamsitiri. Picha moja kutoka juu huwaanika wote hao. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa taarifa nyeti, na sisi waganga tulifungwa na kiapo cha siri kabla ya sheria hiyo kutungwa.

Kuna jambo jingine zito. Neno mumiani ni la zamani katika nchi yetu, na hofu inayobebwa nalo haijafa. Mtu anayeturuhusu kumtoa damu kidoleni kwa ajili ya utafiti hutukopesha imani yake. Chombo kinachovuma juu ya paa lake bila kuelezwa kinaweza kuipoteza imani hiyo kwa asubuhi moja, na kuirejesha kukachukua miaka.

Kwa hiyo napendekeza vyuo vyetu vijiwekee utaratibu wake. Kwanza, liwepo dawati moja linalopokea maombi, kuhakiki vibali vya serikali na kutoa jibu, la kukubali au la kukataa, ndani ya siku 7. Pili, eneo la hospitali lisipigwe picha bila ridhaa ya mganga mfawidhi, na kamwe lisipigwe wakati wa kliniki. Tatu, mwenyekiti wa mtaa aarifiwe mapema, chombo kionyeshwe mkutanoni, na wakazi waelezwe siku na saa ya kuruka. Nne, picha zenye sura za watu zifutwe, na ramani iliyopatikana irudishwe mtaani ili wenyeji wayaone madimbwi yao.

Ataulizwa anayeshauri hivi: je, huku si kuongeza mlango mwingine wa kubisha? Ni kweli, ni mlango. Lakini katika maji yenye joto, yai la mbu huyo laweza kuwa mbu mzima ndani ya wiki chache tu. Ramani iliyocheleweshwa miezi miwili ni historia. Ndiyo maana ukomo wa siku ni sehemu ya pendekezo, na ndiyo maana maombi yashughulikiwe wakati wa kiangazi, ili masika yatakapoingia kila idhini iwe tayari mkononi. Mtafiti apewe jibu kwa wakati. Mkazi wa Lipangalala naye aulizwe kabla ya chombo kupaa, si baada ya kukiona juu ya ua wake.