Nyumba ya Mfanya Kazi Isiwe Tanuri

Ndugu wafanya kazi wa Garissa,

Februari na Machi joto letu hupita nyuzi 35, na bati lililopigwa jua hutuchoma hata jioni. Feni chini ya bati tupu husukuma hewa ya moto tu.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 31, yamtaka mwajiri atoe nyumba ya kufaa au kodi ya kutosha, ila kama mkataba umekwisha kuitia kodi katika mshahara. Je, tanuri ni nyumba ya kufaa?

Tudai kwanza dari na matundu ya hewa, ndipo feni. Penye kiyoyozi, vichujio visafishwe vumbi. Vikiziba, mashine hula umeme bila kupoza. Iliyokufa ibadilishwe.

Mwambieni mwakilishi wenu. Asiyelala hawezi kazi.