Sahani Moja kwa Watoto Wote

Watu wakizungumzia fedha za elimu hutaja madarasa, vitabu na mishahara ya walimu. Tumbo la mtoto husahaulika. Ndiyo maana leo natazama jimbo la Minnesota, Marekani, ambako gavana Tim Walz alilipa tumbo nafasi yake.

Walz alikuwa mwalimu wa sekondari kabla ya kuingia katika siasa. Tarehe 17 Machi, 2023, alitia sahihi sheria ya kuwapa wanafunzi chakula cha asubuhi na cha mchana bila malipo, awe mtoto wa tajiri au wa maskini. Kabla ya hapo mzazi alijaza fomu ya kipato ili mtoto asamehewe malipo. Aliyezidi kiwango kidogo tu alilipa, na akishindwa, deni lilimfuata mtoto hadi penye chakula. Mwaka 2019, katika shule moja ya jimbo hilo, wanafunzi waliodaiwa zaidi ya dola 15 walinyang'anywa chakula cha moto, kikatupwa, wakapewa cha baridi. Wakubwa waliomba radhi baadaye. Lakini jamani, mtoto ana kosa gani?

Sisi wauguzi twamjua mtoto aliyekuja shule bila kula. Kichwa kinamuuma, anasinzia, anakasirika bila sababu. Usimkimbilize kwenye vidonge kabla hujamwuliza kama amekunywa chai.

Wapinzani waliuliza kwa nini kodi imlishe mtoto wa mwenye nacho. Si swali la kipuuzi. Gharama ilikadiriwa kuwa karibu dola milioni 400 kwa miaka miwili ya kwanza, nayo ikapanda, maana watoto waliokuja kula walizidi matarajio. Hata hivyo, mimi nasimama na gavana. Wote wakila sahani ileile, hakuna anayejulikana kuwa ni wa kusaidiwa. Mtoto wa miaka kumi anajua sana kuona haya, na wengine huona afadhali washinde njaa.

Mwaka huo huo alisaini pia sheria ya kuweka pedi za bure katika shule. Hapo sina la kubishana. Ila Januari 2025 alipendekeza kuondoa msaada wa jimbo kwa wanafunzi wa shule binafsi, zikiwemo za makanisa, na hilo sikulipenda.

Kuna jambo ambalo ni rahisi kusahaulika: fomu haikufa. Fedha za ziada kwa shule zenye watoto wa familia maskini hufuata hesabu ya familia hizo, hivyo shule ziliendelea kuwasihi wazazi wajaze. Mama akiiacha mezani kwa kuwa chakula ni bure, shule inaweza kukosa fedha za kumlipa mwalimu wa kuwasaidia wanaochelewa kusoma. Basi wewe dada uliye Minneapolis, au uliye na binti anayelea wajukuu huko, fomu ikija nyumbani katika mkoba wa mtoto, ijazeni jioni hiyo hiyo.